Lochan Isiyotajwa

Dolina aliiona nafasi ile tupu kabla hata hajafungua vifungo vya koti lake.

Ramani ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa kijiji, pana kama shuka la kitanda, na watu wameizunguka na vikombe vyao vya chai, wanabishana na kunyoosheana vidole. Nyika yao yote ilikuwa pale, kuanzia ua wa mwisho wa kijiji hadi vilima vya Harris: vijito, mabonde, mawe makubwa, vibanda vya zamani vya kulishia ng'ombe wakati wa kiangazi. Na maji. Nyika ya kisiwa cha Lewis ni maji kuliko ardhi, na kila penye maji pana jina, hata kama ni lochan tu, ziwa dogo la nyikani. Lochan ya Trauti. Lochan ya Bata Mwekundu. Lochan ya Fahali Aliyekataa. Hata zile dubh-lochan, vidimbwi vyeusi ambavyo ng'ombe mwenye kiu angeweza kuvimaliza kabla ya adhuhuri, zilikuwa zimeandikwa kwa wino wa buluu, kila kidimbwi na jina lake, kama watoto walioitwa darasani.

Isipokuwa moja. Ile iliyo chini ya Kilima cha Upepo, pembeni ya kibanda cha marehemu mama yake. Pale palikuwa na duara dogo la buluu, na ndani yake hapakuandikwa kitu.

Ingekuwa mwaka mwingine angecheka. Lakini mwaka huu kila mtu alijua ramani ile ni ya nini. Kampuni ya mitambo ya upepo ilitaka kukata barabara katikati ya nyika, na wakubwa huko mjini walikuwa wamesema barabara itapita mahali ambapo watu hawapatumii. Wanakijiji wakamwajiri Iseabail, msichana kutoka kisiwa cha Uist, azunguke nyumba kwa nyumba akusanye majina. "Penye jina pana mtu," ndivyo alivyokuwa akiwaambia wazee, na wazee wakafurahi wakamjaza biskuti. Basi pasipo na jina pana nini? Pana barabara.

"Iseabail, mwanangu," Dolina aliita, kwa sauti ya utaratibu. "Hapa umesahau."

Msichana aligeuka. Mashavu yalimwiva. "Sijasahau, Bi Dolina. Niliambiwa nipaache kwanza."

"Uliambiwa na nani?"

Macho ya Iseabail yalikwenda kwenye meza ya chai. Pale alikuwa amesimama Torcuil, katibu wa malisho, jirani wa Dolina wa ua kwa ua, anakata keki kwa uangalifu mkubwa kuliko keki ile ilivyohitaji.

"Sawa," alisema Dolina. "Andika: Lochan ya Kibanda. Kwetu tunaiita hivyo."

"Nitaandika, bibi. Ila unajua utaratibu tuliokubaliana, jina moja nyumba mbili. Nani mwingine anashuhudia?"

Dolina aliwageukia watu. Walikuwa watu wake wote. Raonaid, mke wa Torcuil, aliyekuwa akimletea mayai kila Alhamisi. Bibi Beathag, mama yake Raonaid, mkongwe kuliko wote kijijini, ameketi karibu na jiko na fimbo yake magotini. Wengine amecheza nao utotoni, amewalilia wazazi wao makaburini, ameimba nao zaburi kwenye kiti kimoja miaka yote.

Kila mmoja aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna nzi.

"Tulisubirishe hadi Jumamosi," alisema Torcuil hatimaye, bila kuinua kichwa. "Jumamosi ndipo ramani inatiwa wino wa mwisho. Dolina, keki?"

"Kula mwenyewe," alisema Dolina, akakifunga tena kile kifungo kimoja alichokuwa amekifungua.

*

Kikulacho ki nguoni mwako. Dolina aliyafikiria hayo njia nzima, na upepo unamsukuma mgongoni kama mtu mwenye haraka.

Hakuwa mtu wa kudhania watu vibaya. Alikuwa amezeeka akihesabu wema wa watu kama wengine wanavyohesabu kondoo, na kwa Torcuil hesabu ilikuwa ndefu. Tangu Dolina afiwe na mumewe, Torcuil ndiye aliyekuwa akimletea mboji kwa trekta lake, ule udongo mweusi unaokatwa kama matofali na kukaushwa kwa ajili ya moto. Alimletea Dolina kwanza, ndipo akabeba ya nyumbani kwake. Theluji ikianguka, njia ya mlango wa Dolina ndiyo ilikuwa ya kwanza kufagiliwa.

Lakini usiku mmoja wa shaka unatosha kugeuza mambo yote nje ndani, kama soksi. Asubuhi Dolina alijiuliza, mtu anayekupa samaki kila wiki anataka nini? Kwenye ndoana pia huwekwa kitu kitamu.

Na mpwa wa Raonaid, si ndiye aliyepata kazi kwa wakata barabara?

Akachukua darubini dirishani. Kila nyumba kijijini ina darubini dirishani, na wote husema ni ya kuangalia kondoo. Akaielekeza kwenye Kilima cha Upepo. Ukungu ulikuwa umepanda, jua limeangukia mteremko, na pale, kando ya lochan yake, palikuwa na mtu. Kofia ya kahawia. Bega moja chini kuliko jingine. Torcuil. Ameinama na nyundo, na kwapani ana vigingi vyenye vitambaa vyekundu, vilevile vya watu wa barabara.

Dolina aliirudisha darubini dirishani, akavuta pazia.

Adhuhuri alifungua mlango akakuta samaki wawili kwenye kulabu ya mlango, wamefungwa kwenye gazeti vizuri, kama kawaida. Aliwachukua, akavuka ua, akawaning'iniza kwenye geti la Torcuil.

Raonaid alitoka mbio na aproni yake. "Dolina! Samaki wana nini?"

"Hawana kitu. Wanaoleta ndio wana kitu."

"Bibi wee, umelala vibaya?"

"Nimelala vizuri, nimeamka vibaya. Raonaid, nikuulize. Ile lochan, nyinyi nyumbani kwenu mnaiitaje?"

Raonaid alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena ingawa ilikwisha kauka. "Tunasema ile yenu. Si unajua. 'Ng'ombe wamefika kwenye ile lochan yenu.' Siku zote tunasema hivyo."

"Huo ni uelekezaji. Jina je?"

"Ingia unywe chai."

"Nimeuliza jina, nimepewa chai," alisema Dolina. "Jana niliuliza jina, nikapewa keki. Kijiji hiki kitaninenepesha kabla hakijaniuza."

Machozi yalimlengalenga Raonaid. Dolina alishangaa, maana Raonaid si mtu wa machozi; aliwahi kuvunjika mkono akamalizia kwanza kukamua ng'ombe. Hata machozi hayo Dolina aliyatilia shaka. Alirudi nyumbani, akavaa buti, akachukua fimbo, akaelekea nyikani.

*

Njia ya kwenda kwenye kibanda Dolina angeweza kuifuata macho yamefungwa. Unapita ukingo wa mboji wa Torcuil, ambapo matofali meusi yalikuwa yamepangwa kukauka, unavuka kijito kwenye jiwe bapa, kisha njia inagawanyika. Ile fupi hupita ukingoni mwa lochan. Mama yake hakuipita hata mara moja. Alikuwa akizunguka nyuma ya kilima, njia ndefu na ya matope, na Dolina mdogo nyuma yake akilalamika kwamba miguu imechoka.

"Miguu ya kuchoka ndiyo iliyo hai," mama alikuwa akijibu.

Maji pia hakuyateka pale. Lochan ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, lakini mama alibeba ndoo hadi kwenye kijito, akidai ya lochan yana ladha ya mboji. Maji yote ya Lewis yana ladha ya mboji. Dolina hakuwahi kuuliza. Mama yake alikuwa mpole kwa mambo yote, na mtu mpole akiwa mgumu kwenye jambo moja, mtoto hulikwepa bila kuambiwa.

Leo alipita njia fupi.

Torcuil alikuwa ameketi kwenye ukuta wa kibanda uliobaki, anakunywa chai kutoka kwenye chupa. Mbwa wake alimkimbilia Dolina akitikisa mkia, maana mbwa hakuwa na habari za samaki waliorudishwa.

"Nilijua utakuja," alisema Torcuil. "Raonaid amenipigia simu. Amesema umemwita muuza watu."

"Sijamwita. Nimeuliza bei tu." Dolina alisimama mbele yake, anahema. "Hivyo vigingi, Torcuil. Nimekuona. Kama umeniuza, niambie usoni. Mimi si mgeni hapa, usinikatie keki."

Torcuil aliviangalia vile vigingi vilivyolala miguuni pake. "Unadhani ninavipanda?"

"Mtu mwenye nyundo anafanya nini kingine?"

"Anang'oa pia." Aliunyoosha mkono kuelekea alikotoka Dolina. "Watu wa barabara walivipanda hapa wiki iliyopita, ukingoni kabisa mwa maji. Nikawaambia wakilazimika kupita bonde hili, wapite kwenye ukingo wangu wa mboji. Wakasema sawa, kwao ni kitu kilekile. Basi ninavihamisha."

Dolina aligeuka kutazama. Kweli, mbali kidogo, vitambaa vyekundu vilikuwa vimejipanga katikati ya mboji ya Torcuil, ile aliyoirithi kwa baba yake, iliyo bora kuliko zote upande ule. Hakuwa ameviona alipopita, macho yake yalikuwa mbele.

Moyo wake ulitaka kulainika, lakini shaka ni kama unyevu wa nyumba za mawe, hauondoki kwa siku moja ya jua.

"Kwa nini? Mtu hatoi ukingo wake bure. Na kama unaipenda lochan yangu kiasi hicho, kwa nini ulimzuia msichana asiandike jina? Kwa nini hakuna hata nyumba moja iliyonishuhudia?"

Torcuil aliivua kofia, akaigeuza-geuza. "Kwa sababu hilo sio jina lake, Dolina. Lochan ya Kibanda ni jina alilolitunga mama yako, uwe na kitu cha kuita. Wazee wasingeweza kulishuhudia, ni uongo mbele ya... Na lile la kweli hatuwezi kulitaja mbele yako. Unajua mila ya lochan inayomchukua mtu."

Alijua. Nyikani kwao, maji yakimchukua mtu, hubeba jina lake tangu siku hiyo. Lakini jina hilo halitamkwi mbele ya ndugu zake mpaka wao wenyewe walitaje kwanza. Wasipolitaja, watu hunyamaza, hata iwe maisha mazima. Kuna lochan moja upande wa mashariki ambayo Dolina mwenyewe huizunguka kwa maneno kila akizungumza na watu wa nyumba ya pale. Hufanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayeinamisha kichwa mlangoni pafupi.

"Lochan hii haijamchukua mtu wetu," alisema.

Torcuil aliweka chupa chini. Alimsogezea mahali pa kukaa ukutani, akaondoa jiwe lililokuwa limechongoka.

Dolina aliketi. Maji yalikuwa ya kahawia na yametulia, majani ya nyika yamejipinda juu yake. Yakamjia mambo mengi kwa pamoja, hata hakujua alishike lipi. Njia ndefu. Ndoo. Yule mtoto mmoja wa shuleni aliyeanza kusema, "Kwenye Lochan ya—" na nyanya yake akamziba mdomo kwa kipande cha mkate wenye siagi. Siku zote Dolina aliukumbuka mkate ule kwa wivu tu. Na mama yake katika wiki zake za mwisho, kitandani, akimwita mtu kwa jina aje karibu na moto avue soksi zilizolowa. Dolina alidhani ni mchungaji fulani wa zamani. Alimwitikia mama, "Amekuja, mama, amekwisha vua," ili atulie. Na mama alitulia.

"Calum," alisema Dolina.

Torcuil aliinamisha kichwa. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeijaribu barafu kwa mguu, "Lochan ya Calum."

Hakuna mtu aliyewahi kulisema jina hilo akiwa amemtazama yeye.

"Nani kwangu?"

"Kaka yako. Mtoto wa mbio mbio, nimeambiwa, mimi nilikuwa wa kubebwa bado. Alikuwa anafukuza bata. Wewe ulikuwa tumboni kiangazi kile. Amezikwa na babu yako, jiwe halikuwa na nafasi ya jina la pili. Mama yako alirudi kijijini hakusema neno, na wanawake wakakubaliana wangojee mpaka yeye aseme. Hakusema. Kisha ukazaliwa wewe, ukawa unacheka, na kila mtu akaogopa kuwa wa kwanza."

"Na alipokufa mama?"

"Tulidhani alikuambia. Kisha tukaona hukuambiwa. Ikawa vigumu zaidi, si rahisi. Msichana alipofika kwetu na kalamu yake, wakwe zangu wakamwambia aache pale wazi. Nikasema kabla ya Jumamosi nitapata njia. Sikupata. Nikapata vigingi tu."

Dolina alicheka, na katikati ya kicheko akalia. Torcuil alimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akatazama upande mwingine kwa adabu, akimsemesha mbwa mambo yasiyo na maana mpaka alipomaliza.

"Samaki wangu umewafanya nini?" Dolina aliuliza mwishowe, akijifuta.

"Raonaid amewarudisha mlangoni kwako. Alisema ukiwakataa tena atakupiga nao."

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Iseabail alikuwa amepanda kwenye kiti, kalamu ya wino mkononi, anamalizia upande wa kusini. Dolina alipoingia watu walipunguza sauti, kama kawaida yao. Safari hii aliujua ukimya ule ni wa nini, akaona jinsi walivyoubeba kwa uangalifu, kila mmoja upande wake, kama watu wanaobeba jeneza.

Alikwenda hadi kwenye ramani. Hakuvua koti.

"Iseabail, mwanangu. Ile nafasi."

"Ndiyo, bibi."

"Andika: Lochan ya Calum." Sauti haikumkatika, ingawa aliiogopea. "Kaka yangu. Nyumba yangu inasema hivyo. Nani anashuhudia?"

Birika lilivuma juu ya jiko. Kisha fimbo iligonga sakafu karibu na jiko.

"Lochan ya Calum," alisema Bibi Beathag. Alilisema kwa nguvu, kama mtu anayetema kitu kilichomkwama kooni tangu ujana. "Nyumba yangu."

"Lochan ya Calum," alisema Raonaid.

Wakafuata wa nyuma, na wa mlangoni, na wale wa karibu na dirisha. Msichana aliinua mikono akicheka huku macho yamemjaa. "Inatosha, jamani, nyumba mbili zinatosha!" Hawakumsikiliza. Kila nyumba ilitaka kulisema.

"Ngoja," alisema Dolina, kalamu ilipoondoka kwenye karatasi. "Pale chini yake, mbele ya jiwe bapa. Pana Ukingo wa Torcuil. Mboji yake ndiyo iliyonipa moto miaka yote. Nyumba yangu inashuhudia. Barabara ikatafute bonde jingine."

"Huo haukuwa na jina," alinong'ona Torcuil.

"Sasa unalo. Kata keki."

"Nyumba yangu pia," alisema mmoja wa mlangoni, na Iseabail akaandika. Bibi Beathag alimpungia Dolina aje, akamshika mkono kwa vidole vyake vikavu, akamvuta mpaka masikio yakakaribiana.

"Alikuwa na nywele za rangi ya maji ya pale," alisema. "Nilikuwa msichana mkubwa, nilikuwa namlea. Aliniuma hapa, ona. Bado pana alama."

"Aliwafungulia kuku wote wa mama yangu siku moja," mtu alisema nyuma yao. "Mama alikuwa akisimulia mpaka anafariki, wewe ukija tu anageuza hadithi."

"Alikuwa anaimba! Baba alisema alikuwa anaimba kanisani kabla ya wakati—"

"Na ile siku ya kondoo dume—"

Walikuwa wamemzunguka, wanasema wote pamoja, wanasukumana, kama watu waliofunguliwa mlango. Dolina alivuta kiti karibu na Beathag, akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua.

"Polepole, jamani," alisema. "Mmoja mmoja. Nianzieni mwanzo."